Vitanzi Ishirini na Vinne

Jumamosi ya nne, saa nne kamili asubuhi, mlango wa chumba namba sita ulifunguliwa na mtoto akaingia akichechemea, mfuko wake wa kitambaa begani. Mama yake alibaki kizingitini. Hakumtazama mwanamume aliyeketi mezani. Alimwambia tu afisa wa ustawi wa jamii, "Saa tano nitakuwa hapo nje," akageuka akaenda zake.

Yule mezani alikuwa baba wa mtoto, fundi wa kuchomelea vyuma. Karakanani wanamwita Cheche. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono yake ikasimama kama ya mbao, na vidole vyake alikuwa amevisugua kwa sabuni na mchanga, ingawa weusi wa kwenye kucha haukukubali kutoka.

"Shikamoo," mtoto alimwambia afisa.

"Marahaba, mwanangu. Msalimie na baba."

Mtoto akapita kama hakusikia. Akavuta kiti cha plastiki hadi dirishani, akakaa mgongo ukielekea meza, akatoa ndani ya mfuko donge la uzi wa bluu na sindano ya kroshia, ile fupi yenye kidomo kama ndoano, akaanza kufuma.

Alikuwa na miaka minane. Nyumbani walizoea kumwita Kasuku, kwa sababu alianza kusema kabla hajatembea vizuri, na akishaanza hanyamazi: anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, hata usingizini anaongea. Sasa ilikuwa miezi minne hajamwambia baba yake hata neno moja.

Cheche alikuwa ameleta zawadi. Jumamosi ya kwanza alileta mwanasesere mwenye nywele za kuchana, ya pili viatu vyekundu, ya tatu biskuti za kopo. Vyote viliachwa mezani, na afisa akavipanga juu ya kabati kama vitu vilivyosahauliwa na abiria. Leo alikuja mikono mitupu. Akaongea na kisogo cha binti yake. Akamwambia paka wa jirani amezaa watoto watano. Akamwambia kitanda chake bado kimetandikwa vilevile. Maneno yakaenda yakagonga dirisha yakarudi.

Afisa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa kwenye meza yake ndogo pembeni akiandika. Kalamu yake ndiyo iliyokuwa ikijibu.

Ilipobaki robo saa Cheche akanyamaza, maana hakuwa na kingine. Na aliponyamaza ndipo akasikia. Akasogeza kiti kidogo, akainamisha sikio. Mtoto alikuwa akihesabu chini kwa chini, midomo ikicheza: "Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja..."

Kiti kikalia. Mtoto akanyamaza papo hapo, mabega yakapanda juu.

Saa tano mama yake akamchukua. Afisa akafunga faili, akavua miwani.

"Baba Kasuku, tumepewa Jumamosi nane. Nne zimeisha. Mwisho nitaandika ripoti, na nitaandika ninachokiona. Ninachokiona ni mtoto anayekupa mgongo saa nzima."

"Nifanye nini, dada yangu? Niambie nikafanye."

"Mimi si mganga," afisa alisema, si kwa ubaya. "Ripoti ikisema hakuna kinachoendelea, wakubwa watauliza kwa nini tunamleta mtoto hapa kila wiki akae na mtu asiyemtaka. Hapo sitakuwa na jibu."

* * *

Kosa lake lilikuwa hili. Siku moja ya katikati ya wiki mama mtoto alikuwa kazini zamu ya jioni, na Cheche ndiye aliyetakiwa kumchukua binti shuleni saa tisa. Alitoka karakanani mapema kabisa. Njiani wenzake wakamwita, wamekaa mahali wanakunywa, naye akasema moja tu. Ile moja ikazaa ya pili, ya pili ikaleta mazungumzo, na alipotazama simu ilikuwa saa kumi na mbili kasoro.

Mtoto alikuwa amesubiri getini mpaka mlinzi akafunga. Kisha akaamua kwenda nyumbani kwa miguu, kwa kuwa njia aliijua. Kwenye kuvuka barabara kuu pikipiki ikamgonga. Mguu wa kulia ukavunjika mara mbili, na madaktari wakaushika kwa bamba la chuma na skrubu saba. Cheche alionyeshwa picha ya eksirei ikiwa imebandikwa kwenye taa. Miaka ishirini anaunga vyuma, lakini skrubu zile nyeupe ndani ya mfupa wa mwanawe zilimfanya atoke nje.

Hapohapo hospitali, mkewe alipomuuliza alikuwa wapi, alijibu, "Foleni. Barabara ilifungwa." Alilirudia hilo kwa wakwe, akalirudia kwa afisa. Alilisema hata pembeni ya kitanda, mtoto akiwa amefumbua macho anamtazama. Baada ya siku ile mtoto hakumsemesha tena. Mkewe alipotoka hospitali na binti hakurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa wazazi wake, na yaliyobaki yakaamuliwa ofisini kwa mihuri.

* * *

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, Cheche aliingia sokoni upande wa vitambaa akasimama mbele ya kibanda cha nyuzi. Mwenye kibanda, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita hata walio mbali, alikuwa akijulikana kwa jina moja tu, Mama Nyuzi.

"Karibu, kaka. Uzi wa kushonea au wa kufumia?"

"Nataka kujifunza kufuma kikombe."

"Cha kuwekea nini?"

"Hakiwekwi kitu. Cha kuchezea. Niliona mtoto anafuma kitu cha duara, na bibi yake aliniambia zamani anapenda kufuma vyombo. Vikombe, sufuria ndogo. Kile cha Jumamosi nadhani ni kikombe."

"Kwa hiyo unataka nimfumie."

"Nataka nifume mimi."

Mama Nyuzi akaitazama ile mikono. Ilikuwa na makovu ya moto ya mviringo kama punje za dengu, na ngozi ya viganja ngumu kama soli. Akacheka mpaka akashika meza. Alipoona mwenzake hacheki, akajifuta macho.

"Haya, kaa. Wajapani wanaviita amigurumi hivyo vidude vya kufuma na kujaza pamba. Hata mtoto mdogo anaweza. Wewe sijui."

Akamwonyesha. Unazungusha uzi kwenye vidole viwili, unapata duara la kuanzia. Ndani yake unafuma vitanzi sita, kisha unavuta mkia wa uzi duara linajifunga kama mdomo wa mfuko. Mzunguko wa pili, katika kila kitanzi unafuma viwili, vinakuwa kumi na viwili. Wa tatu unafika kumi na nane. Wa nne ishirini na vinne. "Hapo una kitako cha kikombe. Baada ya hapo huongezi tena. Ishirini na vinne, ishirini na vinne, unapanda nacho juu kama unajenga ukuta. Ukuta ukiisha unajaza pamba, unafunika kwa duara la kahawia, hiyo ndiyo chai. Mwisho unashona mkono. Cha muhimu ni kuhesabu. Weka pini hapa kila mzunguko unapoanza, usipotee."

Cheche alipotea. Mtu anayekata chuma kwa kipimo asikosee hata unene wa kucha, alishindwa kufika ishirini na nne. Siku ya kwanza uzi ulimkatikia mkononi. Siku ya pili alikaza hivi kwamba sindano haikupenya.

"Unaushika uzi kama unataka kuukaba," Mama Nyuzi alimwambia. "Haujakukosea. Legeza."

Akalegeza. Kitu kikaota mawimbi pembeni kama uyoga ulionyeshewa mvua.

Karakanani wenzake walimwona kapumzika juu ya mtungi wa gesi, ulimi nje, anahangaika na donge la uzi wa njano.

"Cheche, mimba ya miezi mingapi?"

"Fuma na kofia yangu, fundi. Kichwa changu namba kubwa."

Cheche akauinamia uzi. Alihesabu.

Jumamosi ya tano alikwenda na sindano yake. Alikaa mezani akafuma, na mtoto akafuma dirishani, na saa ya ukutani ikasikika. Mara moja tu mtoto aligeuza kichwa, akatazama ile sindano, akatazama uzi wa njano, akarudi kwenye dirisha. Cheche aliishi kwa jicho lile wiki nzima. Jumamosi ya sita alingoja aone tena, lakini mtoto hakugeuka hata mara moja. Saa tano ilipofika alitoka bila hata kuangalia upande wa meza.

Jioni ile Cheche alipita palepale walipokunywa siku ya ajali, na wenzake walewale walikuwepo. Akaketi. Tangu mguu wa mwanawe uvunjike hakuwa amegusa pombe. Alikunywa mbili, halafu akanywa tena mbili. Jumapili alikunywa peke yake.

Jumatatu mchana alipofika kibandani, Mama Nyuzi alikuwa akimkabidhi mteja chenji yake. Alipogeuka akakunja pua.

"Leo hufumi. Nenda nyumbani."

"Nimekuja kujifunza kushona mkono wa kikombe..."

"Kaka, unanuka. Umekunywa jana, umekunywa na leo asubuhi kidogo ili kichwa kitulie. Usinifiche, nimeishi na mlevi miaka kumi na mmoja, naijua hata ile ya kutafuna pipi juu yake."

Cheche akaanza kusema alikuwa na msiba, sentensi ikamfia mdomoni. Pipi ya mnanaa ilikuwa bado ulimini mwake. Siku ile hospitali pia alikuwa na pipi ya mnanaa. Aliinunua getini kwa makusudi kabla ya kupanda wodini, akainama juu ya kitanda, uso kwa uso na mwanawe, akasema foleni.

Alikaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, katikati ya mabunda ya uzi, akaweka viganja usoni.

"Alijua," alisema. "Mama, yule mtoto alijua tangu siku ya kwanza."

Mama Nyuzi akashusha turubai la mbele ya kibanda. Huko ndani, kwa mwanga wa manjano uliopita kwenye turubai, Cheche alimsimulia mtu mmoja kwa mara ya kwanza habari yote: saa aliyotoka kazini, kiti alichokalia, chupa ngapi, kicheko kilikuwa cha nini. Hakuiweka foleni popote. Alipomaliza hakujisikia vizuri. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani.

Mama Nyuzi hakumpa pole. Alimsukumia kikombe chake cha njano, kilichofika mzunguko wa nane kikiwa kimeegemea upande kama kibanda kibovu.

"Mpelekee hivyohivyo," alisema. "Na usile pipi."

* * *

Jumamosi ya saba mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mtoto alifika amelowa miguu. Dirisha lilikuwa likivuja, chini yake kumetapakaa maji, kwa hiyo afisa akamwambia avute kiti mezani. Mtoto akavuta, akakaa kona ya mbali kabisa, akatoa uzi wake wa bluu.

Walifuma. Ilipita nusu saa. Tangu Jumatatu Cheche hakuwa ameonja pombe, na mwili ulikuwa ukimdai.

"Umeruka kitanzi."

Cheche hakuamini kama kuna mtu amesema. Aliinua macho. Mtoto hakuwa akimtazama yeye, alikuwa akikitazama kikombe.

"Wapi?" aliuliza.

"Huko chini. Mzunguko wa tano. Ndiyo maana kimelala."

Cheche akakigeuza. Kweli, palikuwa na kijitundu, na toka hapo ukuta wote ulikuwa umeanza kuinama.

"Nikijaza pamba si kitasimama?"

"Hakisimami."

"Hata nikikibana upande huu? Hakuna atakayeona."

"Mimi nimeona," mtoto alisema. Akavuta uzi wake, akafuma vitanzi viwili, kisha akasema bila kuinua uso, "Fumua."

Cheche akachomoa sindano. Alishika ncha ya uzi akaanza kuvuta, na kazi ya karibu wiki tatu ikaanza kukimbia, mzunguko wa nane ukaisha, wa saba ukaisha, uzi wa njano wenye mikunjo ukijilundika mapajani mwake. Macho yalikuwa yakimuuma. Alijua kwamba asiposema sasa hatasema tena maisha yake yote.

"Siku ile hakukuwa na foleni," alisema.

Kalamu ya afisa ikasimama.

"Nilikaa nakunywa bia. Nilikuwa na simu, nilikuwa na saa, na wewe nilikujua uko getini. Nilijiambia utasubiri kidogo. Barabara haikufungwa. Nilidanganya."

"Najua," mtoto alisema.

"Najua kama unajua."

"Ulinuka." Sasa alikuwa amemtazama, na midomo yake ilikuwa imeanza kuvutika pembeni. "Nilimwambia mlinzi baba anakuja. Akasema nimpigie nani, nikasema usipige, baba anakuja. Nikamwambia mara nyingi. Halafu akafunga geti, akasema basi nikae pale kwenye jiwe, nikakaa, halafu giza likaanza. Na wewe ukaja hospitali ukasema foleni. Ukasema na mimi nimwambie mama kwamba ilikuwa foleni!"

Hilo Cheche alikuwa amelisahau. Au tuseme alikuwa amelizika. Alimwambia kweli, kwa kunong'ona, mkono ukiwa juu ya blanketi: na wewe mwambie mama hivyo.

"Nilikuambia," alisema.

"Mimi sikumwambia."

"Ulifanya vizuri."

Mtoto akalia, lakini si kilio cha kukimbilia kwa mtu. Alilia amekumbatia mfuko wake. Cheche akanyanyuka nusu, afisa akamwonyesha kwa kiganja akae, akakaa. Walikaa hivyo mpaka saa tano, mezani kukiwa na rundo la uzi wa njano na kitako kidogo cha duara ambacho hakijafumuliwa.

Mama mtoto alipofungua mlango akamwona binti kavimba macho, akamgeukia mumewe. "Umemfanya nini?"

"Amemwambia ukweli," afisa alisema. "Mama, tafadhali ingia kidogo."

Mtoto akangoja koridoni. Cheche akayarudia yote mbele ya mkewe, na ile ya kunong'ona akaiweka. Mkewe alisikiliza amesimama. Mwishoni alisema maneno machache tu: "Ulitaka kumfundisha mwanangu anidanganye, naye mguu umening'inia." Akachukua mwavuli.

Afisa akafungua faili upya. "Umeyasema mbele yangu. Siwezi kuyaacha nje ya ripoti. Unaelewa yanaweza kukuumiza?"

"Andika," Cheche alisema.

* * *

Jumamosi ya nane mtoto hakuja. Saa nne ikapita, saa nne na robo ikapita. Cheche alikaa mezani na kikombe chake, sasa kimepanda tena mizunguko sita, wima. Saa nne na nusu simu ya afisa ikalia. Akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, pole sana mama.

"Yuko hospitali tangu juzi. Kidonda cha mguu kimepata usaha pale kwenye bamba. Wanakisafisha kila asubuhi."

Cheche alikuwa ameshasimama.

"Baba, ruhusa yako ni ya chumba hiki tu. Huko si chumba hiki."

"Najua."

"Ukienda na mama yake akikukataa, na hilo nitaliandika."

"Andika, dada yangu. Mimi naenda."

Wodi ya watoto ilikuwa ghorofa ya pili. Kabla hajafika mlangoni alimsikia. Ni yeye Kasuku, sauti ileile iliyokuwa haikauki nyumbani, sasa inapiga kelele hapana, hapana, bado, msiguse. Mkewe alikuwa kwenye benchi la nje, ameziba masikio kwa mikono. Wauguzi walikuwa wamemtoa kwa sababu alikuwa akilia kuliko mgonjwa.

Alimwona. Kwa muda mrefu walitazamana. Cheche hakuomba.

"Hawezi kutulia," mkewe alisema mwishowe. "Muuguzi anasema akirusha mguu watamfunga kamba." Akatazama pembeni. "Ingia. Akikukataa, toka."

Ndani, wauguzi wawili walikuwa wameinama juu ya mguu. Mtoto alikuwa amejikunja, shuka kaling'ata, jasho limemlowesha. Alimwona baba yake, na uso wake haukuonyesha furaha wala hasira, ulionyesha maumivu tu. Cheche akasimama upande wa kichwa. Hakumshika, hakujua kama anaruhusiwa. Akatoa kikombe mfukoni, akatoa sindano, akafuma pale mbele ya uso wake.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Muuguzi akamwaga dawa. Mtoto akapiga yowe, mwili ukainuka kitandani.

"Nne. Tano. Sita."

"Siwezi!"

"Saba. Nane. Nahesabu vibaya mimi, nitaruka tena. Nane..."

"Tisa," mtoto alisema kwa meno yaliyokazwa.

"Tisa. Kumi."

Walikwenda hivyo. Kuna mahali alipiga kelele katikati ya namba, kuna mahali alimtukana baba yake kwa neno ambalo Cheche hakujua kama analijua. Lakini mguu haukurushwa. Walipofika ishirini na nne wakahamisha pini wakaanza tena, na tena, na katika mzunguko wa tatu muuguzi akasema basi, imeisha kwa leo, shujaa wangu, akaanza kuzungusha bandeji. Mtoto alifumba macho. Alikuwa ameshika, si mkono wa baba yake, bali ule uzi wa njano uliotoka kwenye sindano kwenda kwenye donge. Aliushika hivyo mpaka usingizi ukamchukua, na Cheche akashindwa kuondoka kwa kuogopa kuuvuta. Mwishowe mkewe alikuja akaukata kwa mkasi wa bandeji.

"Asante," alisema. "Sasa nenda."

* * *

Kidonda kilichukua wiki tano kupona. Asubuhi zote hizo, mkewe akimruhusu, Cheche alikuwa hapo saa mbili, akihesabu, kisha akienda kazini. Hawakuzungumza mengine. Siku mtoto alipotoka hospitali, afisa aliwaita wazazi wote wawili akawasomea karatasi. Cheche ameongezewa Jumamosi kumi na mbili, chumba kilekile, muda uleule wa saa moja, afisa akiwepo. Nyumbani kwake mtoto haendi. Shuleni atachukuliwa na babu yake.

"Kuna la kusema?" afisa aliuliza.

Mkewe alisema, "Hilo la shule libaki hivyo hata hizo Jumamosi kumi na mbili zikipita. Hata miaka."

Cheche alikuwa amejiandaa kusema kitu kuhusu hilo la shule. Alitembea nalo usiku na mchana, jinsi atakavyoomba hata siku moja tu kwa wiki, hata na babu akiwa nyuma yake. Akalitafuna, akalimeza.

"Sawa," alisema, akasaini.

Alirudi karakanani kabla ya saa sita. Palikuwa na geti la mteja linalotakiwa jioni, nguzo zimeshasimamishwa zinamngoja yeye. Mmoja wa wenzake akamuuliza, "Imekuwaje huko?" naye akasema wamempa kumi na mbili. "Basi si vizuri?" Akasema vizuri. Akavaa kinyago cha kuchomelea, akawasha mashine, akainama kwenye kiungo cha kwanza. Ndani ya kinyago hakuna anayekuona. Alichomelea kiungo kimoja, akahamia cha pili, kioo cheusi kikijaa ukungu kwa ndani mpaka ikabidi asimame, kwa sababu hakuwa akiona tena mahali pa kuunga.